Paka mmoja, majina manne, na picha iliyomkosesha jirani wateja

Nianze na picha yenyewe. Kulia kuna sinia la samaki wa kukaanga: vibua saba juu, vipande vya pweza chini, mafuta bado yanang'aa. Kushoto, usawa uleule na sinia, kuna kichwa cha paka wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ile ya machungwa inayofanana na kutu ya bati. Macho kayafumba nusu, ulimi uko nje, na ncha ya ulimi inagusa mkia wa kibua wa pembeni. Nyuma kunaonekana kipande cha mlango wa kuchonga uliopakwa rangi ya buluu. Jua la saa 10 jioni limeyapiga masharubu, unaweza kuyahesabu moja moja. Ni picha nzuri sana. Nina miaka 15 katika kazi ya picha, na ningefurahi kama ningeipiga mimi.

Maneno ya chini yalisomeka: "Shombo anaonja kwanza, wateja baadaye."

Ulimi ule haukugusa samaki yeyote. Paka alikuwa hatua 3 nyuma ya sinia, amekaa juu ya ukingo wa kibaraza, anajilamba baada ya kula kichwa cha samaki alichopewa na mwenye samaki mwenyewe. Lakini picha ilikuwa imeshawekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako hukaa saa 24, na kabla hazijatimia saa hizo, mama mmoja wa Mikindani alirudi ndani na sinia ambalo halijauzika hata nusu.

Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya wote kiliowagusa. Wameomba majina yao yasitajwe, nami nimeahidi. Majina ya paka hawakuyakataza, na ni vizuri, kwa sababu majina hayo ni sehemu ya kisa.

Paka wa nyumba nne

Anayeijua Mikindani anajua jinsi nyumba zilivyokaa. Ni mji wa zamani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini ukishika barabara ya Lindi: kuta za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limesimama juu kidogo, na chini ghuba ambayo maji yakipwa mitumbwi inalala ubavu. Nyumba zimeegemeana. Paka wa pale hana haja ya kugusa ardhi. Anatoka ukuta huu anaingia ukuta ule, na kila ua anaoshukia anakuta watu wanaomjua.

Huyu aliletwa na bibi mmoja siku ya Idi, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, ndiyo maana akaitwa Mwanaidi. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akamwita Kitenge kwa sababu ya mabaka. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda wakamwita Kapteni, wakaapa ni dume. Na mama wa mlango wa buluu, anayekaanga samaki jioni na kuuza kibarazani kwake, akamwita Shombo, kwa kuwa hushinda kwake mpaka akirudi kwa bibi ananuka samaki mwili mzima. Bibi hupenda kusema paka wa nyumba haingwa. Kwa huyu, nyumba zilikuwa nne.

Vijana walikosea, na rangi peke yake ingetosha kuwaambia. Jeni ya rangi ya machungwa kwa paka iko kwenye kromosomu ya X. Jike ana X mbili, kwa hiyo moja inaweza kubeba machungwa na nyingine ikabeba nyeusi, zikatokea zote mbili kwa mabaka. Dume ana X moja, hupata mojawapo tu. Dume wa rangi tatu huzaliwa kwa nadra mno, anapokuwa na X ya ziada. Niliwaeleza, wakabisha. Baadaye tumbo la Kapteni likamaliza ubishi.

Mpiga picha ni mjukuu wa yule bibi, binti aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kubaki nyumbani akisubiri matokeo. Simu yake ni ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Kila siku alipiga picha nyingi, akachagua moja, akaandika sentensi mbili na kuiweka kwenye stetasi. Kilichonivutia ni kwamba alimwita paka kwa jina la nyumba aliyomkuta. "Kitenge amelala kwenye kapu la vipande. Fundi anatafuta kipande cha mfuko wa shati, anachagua pembeni pembeni asimwamshe." Siku nyingine: "Mwanaidi anamsubiri bibi amalize kuswali. Kakaa nje ya mkeka, hakanyagi."

Jamaa walioko Dar es Salaam, Newala na Masasi wakawa wanamtumia ujumbe wakichelewa kuona picha ya siku. Nilimuuliza mmoja wao, mtu mzima na kazi zake, anapenda nini hasa. Akaniambia siku moja aliona nyuma ya paka ule mtungi wa maji wa bibi, ukiwa palepale ulipokuwa alipokuwa mtoto, akakaa nao muda mrefu. Jibu lile sijalisahau. Watu wale walikuwa wanamtazama paka, na nyuma ya paka wanaona kwao. Uzuri wa picha zile ulikuwa hapo, na madhara yaliyokuja baadaye yalitokea mlango huohuo: picha ya paka ni picha ya nyumba aliyokaa, na nyumba ina wenyewe.

Nilivyomfundisha

Hapa nina sehemu yangu. Binti alikuja dukani kwangu Mtwara mjini, ninakopiga za pasipoti na kusafisha za harusi, akataka picha 5 zisafishwe ampe bibi yake. Nilipoziona nilimwambia akae. Nikampa yote ninayoyajua kuhusu wanyama. Futa lenzi kwa upindo wa kanga kabla ya kila picha, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya ukungu. Usitumie flashi: nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana kwenye picha za usiku macho yanatoka kijani au manjano, na tena mwanga ule unamkera. Gusa kioo cha simu juu ya jicho lililo karibu ili liwe kali. Masikio yakilala nyuma na mkia ukaanza kupigapiga, ondoka, hakutaki. Ongeza mwanga kidogo kwenye upande wa manyoya meupe, punguza kwenye meusi.

Na mawili zaidi, ambayo nayakumbuka kwa majuto. Nilimwambia ashuke chini mpaka usawa wa macho ya paka, kwa sababu picha inayopigwa kutoka juu humfanya paka aonekane kama kitu kilichoangushwa sakafuni. Na nikamwambia akae mbali, kisha aivute picha kwenye simu, ili paka asijue anapigwa.

Ushauri wenyewe ni mzuri. Ndio ninaoufuata hata leo. Lakini sikumwambia kwamba ukishuka chini na ukakaa mbali, umbali kati ya vitu unapotea machoni pa atakayeitazama picha. Mtu wa fani alipaswa kumwambia hilo, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Siku ile

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, kaskazi imeshaanza kuvuma, pesa za korosho ziko mikononi mwa watu na biashara ya jioni imechangamka. Mama alikuwa ameongeza samaki. Binti alimwona paka kwenye ukingo wa kibaraza, akalala kifudifudi njiani, hatua 12 kutoka kwenye meza fupi yenye sinia, akavuta, akashikilia kitufe. Zikatoka picha 9 kwa mfululizo. Akachagua ya sita kwa sababu ya ulimi.

Mmoja wa walioona alichukua skrinishoti na kuipeleka kwenye kundi la akina mama wanaoagiza vitoweo. Aliyefuata akatuma ujumbe wa sauti wa maneno machache: "Wale samaki wa paka leo mimi simo." Mama lishe wawili waliokuwa wameagiza wakapiga simu kughairi. Hasara ya jioni ile, kwa hesabu ya mwenyewe, ilikuwa shilingi 28,000. Kilichomuuma zaidi ni lile jina. Kesho yake mtoto mdogo alitumwa kununua, akasimama mbele ya kibaraza na kuuliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama, mama kasema hapa ndipo kwa samaki wa paka?"

Na paka naye akaipata yake. Mama alichukua ufagio. Tangu siku hiyo Shombo akawa hakanyagi pale, na mimba yake imeshaonekana, wakati ambao ndio alihitaji zaidi vile vichwa vya samaki vya asubuhi. Kwa siku 10 alikuwa paka wa nyumba tatu.

"Picha haisemi uongo"

Bibi hakungoja kuitwa. Baada ya magharibi alijitanda, akamshika mjukuu mkono, wakaenda kupiga hodi. Waliitikiwa karibu, lakini mwenye nyumba hakuinuka.

"Shikamoo mama mdogo," binti akasema.

"Marahaba."

"Mwanangu," bibi akaanza, "mtoto kakosa. Nimekuja naye."

"Bibi, wewe sina neno nawe. Umenilea. Lakini huyu kanivunjia biashara yangu."

Bibi alikumbusha hadithi ya Abu Qatada, kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaokuzungukeni majumbani. Mama akasema hilo analijua, na maji aliyoonja paka anayatawadhia. "Lakini mteja akishaingiwa na kinyaa, bibi, kinyaa hakitoki kwa hadithi." Mimi naona alisema kweli, na wasomi wa dini nadhani wasingempinga: unajisi ni jambo la sheria, kinyaa ni jambo la tumbo la mtu, na aliyekuja kununua kitoweo ana haki na tumbo lake.

Binti akajitetea kwamba paka hakugusa samaki. Hapo ndipo mama alipotamka neno lililonifanya niitwe. "Picha haisemi uongo. Mimi mwenyewe nilipoiona niliamini. Nikajiuliza, niligeuka saa ngapi paka akanipandia mezani?"

Fikiria uzito wake. Alikuwepo. Sinia lilikuwa mbele yake jioni nzima, na kichwa alichokila paka kilitoka mkononi mwake. Bado aliiamini picha kuliko macho yake.

Nilikwenda kesho yake saa 10 jioni, ili jua liwe mahali palepale. Nikaomba sinia liwekwe juu ya meza ileile, na kwenye ukingo, pale paka alipokaa, nikaomba birika. Nikahesabu kwa nyayo. Kutoka sinia hadi birika, hatua 3. Kwanza nikachuchumaa hatua 3 mbele ya sinia na kupiga. Birika likatoka dogo, limejitenga, kila mtu anaona liko nyuma. Halafu nikarudi mpaka hatua 12, nikalala chini kama binti alivyolala, nikavuta. Mdomo wa birika ukagusa sinia.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mwenye simu anaweza kuijaribu nyumbani. Ukiwa hatua 3 kutoka kwenye sinia, kilicho hatua 3 nyuma yake kiko hatua 6 kutoka kwako, yaani mara mbili, nacho kitaonekana nusu ya ukubwa wake ukilinganisha na cha mbele. Jicho linajua mara moja kuwa kiko mbali. Ukirudi hadi hatua 12, kile cha nyuma kiko hatua 15. Kinapungua kwa moja ya tano tu, na jicho linaona viko pamoja. Umbali ndio unaofanya kazi hiyo. Kuvuta kwenye simu kunakata tu cha katikati na kukikuza. Ukichanganya na kulala chini, unaondoa sakafu kwenye picha, na sakafu ndiyo ambayo ingemwambia mtazamaji kuna nafasi gani kati ya vitu viwili.

Tukafungua na zile picha 9 za mfululizo. Kwenye ya tatu binti alikuwa amesogea nusu hatua kushoto, na pale kati ya sharubu na mkia wa kibua kunaonekana ukuta mweupe upana wa vidole viwili. Ushahidi ulikuwa kwenye simu yake siku zote, picha tatu kabla ya ile aliyoichagua.

Mama hakutaka kuelezwa. Alishuka mwenyewe, akakaza kanga kiunoni, akachuchumaa pale njiani, akapiga. Akakitazama kioo cha simu kwa muda. Kisha akasema polepole, "Kumbe hata birika linaweza kunilia samaki." Akamwambia binti aingie ndani, anywe chai.

Neno "anaonja"

Picha peke yake ingeleta shaka. Maneno ndiyo yaliyoifunga. Bila maneno, mtazamaji angeuliza: yule paka anagusa? "Anaonja" lilimjibu kabla hajauliza, na "wateja" likamwambia samaki ni wa nani. Jina "Shombo" likamaliza, kwa kuwa mji mzima unajua ni nyumba moja tu inayomwita hivyo. Ule ustadi wa kumwita paka kwa jina la kila nyumba, nilioupenda kuliko yote, siku ile ulikuwa kidole kilichonyooshwa kwenye mlango wa mtu.

Nguvu hii ya maneno chini ya picha ya paka si mpya. Huko Brighton, Uingereza, miaka ya 1870, mpiga picha Harry Pointer alianza kwa kuwapiga paka wamelala au wanakunywa maziwa. Baadaye akawa anawapanga kwenye mikao ya kuchekesha na kuandika maneno mafupi ya salamu kwenye picha, nazo zikauzika zaidi. Paka hasemi, kwa hiyo kila atakayemsemea ataaminiwa. Kwa paka wa Pointer hapakuwa na jirani wa kuumia. Kwa paka wa Mikindani, kila ukimsemea unamsemea na aliyemlisha.

Binti hakukusudia ubaya, na ninalisema bila kusita kwa sababu nilizisoma stetasi zake zote. Kaka wa yule mama alitaka waende polisi, akataja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa, hata kwa njia ya picha, akijua ni ya uongo au ya kupotosha na akiwa na nia ya kukashifu au kudanganya umma. Kwa ninavyokisoma, kujua na kukusudia ndiyo msingi wake, na hapa havikuwepo. Wazee wakasema ujirani ni mkubwa kuliko kesi, suala likaishia kibarazani. Nadhani walifanya vyema, ingawa wasingekuwa na haki ya kumnyamazisha kama mama angetaka kwenda.

Kuomba radhi mara mbili

Kabla ya mimi kuitwa, binti alikuwa ameshajaribu kurekebisha. Aliandika: "Samahani kwa yeyote aliyekwazika na stetasi yangu ya jana." Likaharibu zaidi. Ambao hawakuona wakauliza ni stetasi gani, waliohifadhi skrinishoti wakaituma upya, na picha ikapata maisha mapya siku ambayo ingekuwa imeshatoweka. Radhi ile haikutaja kosa, haikutaja aliyekosewa kwa namna yoyote, na haikusema ukweli ni upi. Iliomba msamaha kwa watazamaji, wakati aliyedhurika ni muuzaji.

Ya pili ilitoka kwa mama mwenyewe. Alitaka walioona ile waone na hii. Alikataa uso wake kupigwa. Na maneno alitaka yawe yake, yasipambwe. Binti akaandika kama alivyotajiwa, neno kwa neno: "Paka huyu vichwa vya samaki nampa mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, kwenye kifuu. Samaki wa kuuza nafunika kwa kawa. Anayetaka kuhakikisha na aje aangalie."

Picha ya kwenda na maneno hayo ilichukua siku mbili kupatikana, kwa sababu paka alikuwa anaogopa ufagio. Mama aliweka vichwa vitatu kwenye kifuu, akaingia ndani na kuurudisha mlango. Paka alikaa juu ya ukuta muda mrefu akitazama, akashuka kwa tumbo lake zito, akanusa sakafu kwanza. Safari hii binti alipiga akiwa amesimama, kutoka ubavuni, kibaraza chote kikiwa ndani: upande mmoja paka anakula, upande mwingine kawa juu ya sinia, katikati sakafu tupu ya saruji. Mama alitoa mkono tu mlangoni, akaushika ukingo wa kawa. Unaona pete moja, hina iliyofifia kwenye kucha, na ukindu mwekundu uliosukwa duara kwa duara. Kama picha, haina uzuri wa ile ya kwanza. Kama habari, ni ya kweli kuliko zote alizowahi kupiga. Waliiweka pamoja na zile mbili za birika, na maelezo ya hatua 3 na hatua 12.

Wateja wengi walirudi ndani ya wiki mbili. Mama lishe mmoja hakurudi. Ameshapata muuzaji mwingine na hana sababu ya kumwacha. Jina la "samaki wa paka" nimelisikia kwa watoto hata mwezi Februari. Bibi alipeleka shilingi 28,000 kwenye bahasha. Mama alizipokea, na nilifurahi alivyozipokea, kwa sababu zilikuwa haki yake na kuzikataa kungemwacha binti akiwa na deni lisilolipika.

Zilizokuwa zimejificha

Baada ya hayo nilimwita binti dukani tukazipitia picha zake zote, zaidi ya 60, bila kumtazama paka. Tulitazama kilicho nyuma yake tu. Kazi hii naifanya kila wiki kwenye picha za harusi. Mimi huitwa kupiga sherehe za ndani za wanawake, ambako watu wameacha mitandio na wanacheza kwa uhuru, na hakuna picha inayotoka mkononi mwangu mpaka bibi harusi na wenziwe waipitishe. Hata siku moja halikunijia wazo kwamba ua wenye paka unadai uangalifu uleule.

Nne zilitushtua. Kwenye moja, nyuma ya paka aliyelala, mtoto anaogeshwa kwenye beseni, hana nguo. Nyingine ina mwanamke kisimani, kichwa wazi. Ya tatu, ukutani kwa fundi, kuna karatasi ya madeni yenye majina na kiasi cha kila mmoja, inasomeka ukiikuza. Ya nne ilikuwa ya chumba cha bibi, na juu ya kabati, wazi kabisa, ganda la dawa zake. Zote zilikuwa zimeshapita kwenye stetasi, zimependwa, na hakuna aliyesema kitu. Binti aliona aibu hasa kwa ile ya bibi yake. Tukazifuta. Nikamwonyesha pia kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hiyo huondolewa, lakini ukiituma kama faili inakwenda nayo.

Hajaacha kupiga, na nilimsihi asiache. Sasa akishapiga huvuka kwanza kwenda kwa mwenye ua, anamwonyesha kioo cha simu na kumsomea maneno. Fundi mara nyingi hurekebisha maneno. Vijana wa kijiwe hutaka pikipiki zao zionekane. Mama wa mlango wa buluu huuliza swali moja tu: umepigia wapi?

Mwishoni mwa Januari paka alizaa watatu ndani ya kapu la vipande kwa fundi. Fundi akapiga marufuku simu, na alikuwa sahihi, kwa kuwa paka aliyejifungua akisumbuliwa huwabeba watoto mdomoni na kuwahamisha, wakati mwingine mahali pabaya zaidi. Binti alingoja mpaka macho yao yalipofunguka, yana rangi ya buluu kama ya watoto wote wa paka, akapiga moja bila flashi, fundi akiwa amesimama pembeni ameshikilia pazia ili mwanga uingie.

Walipoachishwa kunyonya, mama wa mlango wa buluu alimchukua mmoja, wa rangi tatu kama mama yake. Bado hajampa jina. Binti anazo picha zake nyingi nzuri kwenye simu, na hajaweka hata moja. Anasubiri jina litoke ndani ya nyumba ile.